Zile picha za madoa ya rangi: data ya seli moja moja inachambuliwaje, na wapi watu wanateleza

Kwenye magrupu ya wanafunzi wa sayansi hapa Mbeya kuna aina ya picha inazunguka sana, utaiona hata kama hujaitafuta: madoa maelfu kwa maelfu yamekaa makundi makundi, bluu huku, kijani kule, na juu ya kila kundi kumeandikwa jina la aina ya seli. Inavutia na inaonekana kama jibu kamili. Mtu akiuliza inasomwaje anaambiwa makundi yaliyo karibu yanafanana na yaliyo mbali yanatofautiana, basi. Jibu hilo kwa sehemu kubwa sio sahihi, na hata pale linapogusa ukweli linategemea mambo mengi sana yaliyofanyika kabla picha haijachorwa, mambo ambayo picha yenyewe haikuonyeshi.

Nafanya kazi za data za baiolojia na swali hili naletewa mara kwa mara, na wadogo zangu wa chuo na hata na watu wa maabara wenye uzoefu mkubwa, kwa hiyo nimeona niliandike kwa urefu, kwa sababu naamini kabisa hii fani inatuhusu watu wa Nyanda za Juu Kusini kuliko tunavyodhani. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022-2023 uliikuta Njombe ina maambukizi asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, ndo mikoa inayoongoza. Kifua kikuu tunacho. Ukishuka Kyela kule kwenye joto la ziwa unakutana na malaria. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, hapa Mbeya wamefanya utafiti wa VVU na kifua kikuu kwa miaka mingi, damu za watu wetu zimeshachangia maarifa mengi ya dunia. Na ukiyaangalia magonjwa hayo matatu, yote ni ya seli chache zilizojificha katikati ya seli nyingi: kirusi ndani ya seli za kinga za CD4, bakteria ndani ya makrofaji za mapafu, zile seli za kinga zinazomeza vijidudu, kimelea ndani ya seli nyekundu. Kwa hiyo uwezo wa kuangalia seli moja moja sio urembo.

Tuanzie kwenye seli yenyewe. Karibu kila seli ya mwili wako ina DNA ileile, jeni kama 20,000 za kutengeneza protini, iwe seli ya ini au ya ngozi. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zimewashwa na kwa kiasi gani. Jeni ikiwashwa seli inatoa nakala za RNA ya ujumbe, na hizo nakala ndo zinasomwa kutengeneza protini, kwa hiyo ukihesabu nakala za kila jeni unapata habari ya seli inafanya nini muda huo. Kwa miaka mingi hesabu hii ilifanyika kwa mkupuo, unachukua damu au kipande cha tishu, unavunja seli zote, RNA yote unaisoma pamoja. Ni kama mtu achukue gunia la maharage mchanganyiko pale Mwanjelwa, kuna ya njano, kuna kablanketi, kuna meupe, alipeleke mashineni lisagwe lote, alafu ndo aanze kuuliza kwenye unga ya njano yalikuwa mangapi. Wastani utaupata. Lakini RNA ya jeni fulani ikipanda mara mbili huwezi kusema kama kila seli imeongeza kidogo, au kuna aina moja ya seli imeongezeka idadi na nyingine zote zimekaa vilevile, na kwa mgonjwa hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mwaka 2009 Fuchou Tang na wenzake, kwenye maabara ya Azim Surani kule Cambridge, walifanikiwa kusoma RNA ya seli moja tu ya kiinitete cha panya. Seli moja, kazi nzima! Kasi ilibadilika 2015 pale timu mbili za Harvard zilipotoa njia ya kufungia seli kwenye matone, ghafla watu wakawa wanasoma maelfu ya seli kwa wakati mmoja, na mwaka uliofuata mashine za biashara zikaingia sokoni na Aviv Regev na Sarah Teichmann wakaanzisha mradi wa kuchora ramani ya seli zote za binadamu.

Njia ya matone inafanya hivi. Seli zikishatenganishwa zinapitishwa kwenye vijia vyembamba ndani ya chipu pamoja na vishanga vidogo mno na mafuta, na pale njia zinapokutana maji yanakatika kuwa matone, kila tone limezungukwa na mafuta. Lengo ni tone moja liwe na seli moja na kishanga kimoja. Kishanga kimejaa nyuzi za DNA, na kila uzi una maandishi mawili ya muhimu: barkodi ya herufi 16, ambayo ni ileile kwa nyuzi zote za kishanga hicho, na lebo nyingine ya herufi 12 inayotofautiana uzi kwa uzi, wenyewe wanaiita UMI. (Urefu wa herufi unategemea toleo la kiti, yaani pakiti ya kemikali za maabara, hizi ni za toleo la tatu la kampuni ya 10x Genomics.) Seli inapasuka ndani ya tone, RNA zake zinanasa kwenye nyuzi, zinanakiliwa kuwa DNA, na kuanzia hapo unaweza kumwaga matone yote kwenye kichupa kimoja bila hofu kwa sababu kila kipande kimeshabeba barkodi ya seli kilikotoka.

UMI ipo kwa ajili ya PCR, njia ya maabara ya kuzidisha nakala za DNA. Vipande lazima vizidishwe ndo visomeke, na PCR haizidishi kwa usawa, mizunguko 12 inaweza kugeuza kipande kimoja kuwa nakala zaidi ya 4,000 wakati jirani yake kaishia mia chache, sasa ukihesabu vipande tu utadhani jeni imewaka sana kumbe unahesabu nakala za nakala. Herufi 12 zinatoa michanganyiko zaidi ya milioni 16, kwa hiyo vipande vyenye barkodi moja, jeni moja na UMI moja vinahesabiwa kuwa molekuli moja. Wazo rahisi, na bila hilo namba zote za mbele zingekuwa za kubabaisha.

Programu ikishapanga kila kipande kwenye jeni yake na seli yake unabaki na jedwali, jeni upande mmoja, seli upande mwingine, katikati namba. Hili jedwali ndo data. Picha ya rangi ni mjukuu wake wa mbali.

Kuna data ambayo karibu kila anayejifunza anaanza nayo, seli nyeupe za damu za mtu mmoja mwenye afya, imewekwa bure mtandaoni na 10x Genomics. Ina seli 2,700 na jeni 32,738 kwenye orodha (orodha inabeba na jeni zisizotengeneza protini, ndo maana imezidi zile 20,000). Ukizidisha unapata nafasi zaidi ya milioni 88, na zenye namba isiyo sifuri ni kama milioni 2.3 tu. Yaani asilimia 97 ya jedwali ni sifuri tupu. Mtu akiona mara ya kwanza anadhani faili limeharibika. Halijaharibika. Seli moja ina RNA pikogramu 10 hadi 30 hivi, na ile ya ujumbe ni asilimia chache tu ya hiyo, na katika hizo chache maabara inafanikiwa kunasa sehemu tu. Kwa hiyo sifuri inaweza kumaanisha jeni imezimwa kweli, au jeni ilikuwa imewaka kidogo na molekuli zake hazikunaswa. Ukiangalia seli moja peke yake huwezi kuzitofautisha.

Hapa watu walihangaika sana, zikatungwa programu za kujaza sifuri kwa kukisia. Mwaka 2020 Valentine Svensson akaonyesha kwamba kwa data za matone wingi wa sifuri ni uleule unaoutarajia ukichota molekuli chache kwa bahati nasibu, hakuna ugonjwa wa ziada wa kutibu. Ukinijia mimi nitakwambia usijaze. Ukijaza, jeni mbili zisizohusiana zitaanza kuonekana zinapanda na kushuka pamoja kwa sababu tu zote zimekisiwa kutoka kwa majirani walewale, na utaandika ugunduzi ambao umeutengeneza mwenyewe.

Kinachofuata ni usafi, na hii hatua watu wanaipita mbio kuliko zote wakati ndo inayoamua kila kitu. Sio kila barkodi ni seli. Kuna matone hayakupata seli kabisa ila yana RNA iliyokuwa inaelea kwenye maji kutoka kwa seli zilizopasuka mapema, na kwenye damu utaiona kirahisi kwa sababu jeni za hemoglobini kama HBB zinaonekana kila mahali, hata ndani ya seli za kinga ambazo hazina kazi nazo. Kuna matone yaliyopata seli mbili. Kwa mashine hizi ukilenga seli 10,000 tegemea asilimia 8 hivi ya barkodi ziwe seli mbili zimebebana, na seli T ikibebana na seli B, zote za kinga, utaona "seli" moja inayotoa CD3E, jeni ya seli T, na MS4A1, jeni ya seli B, kwa pamoja, na kijana aliyeanza jana atasema amegundua aina mpya. Kuna programu za kunusa mapacha hawa, Scrublet na DoubletFinder, zinatengeneza mapacha bandia kwa kujumlisha seli mbili mbili kutoka kwenye data yako na kuangalia seli gani halisi zinafanana nao. Zinasaidia, ila pacha wa seli mbili za aina moja hazimwoni vizuri.

Alafu kuna seli zinazokufa. Seli ikichanika, RNA iliyo nje ya mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, inavuja lakini ile iliyo ndani yake inabaki, kwa hiyo sehemu ya RNA inayotoka kwenye mitokondria inapanda. Ndo maana somo linalofuatwa na wengi, la programu ya Seurat, linatupa seli yenye zaidi ya asilimia 5 ya mitokondria, pamoja na yenye jeni chini ya 200 au zaidi ya 2,500, na zile seli 2,700 zinabaki 2,638. Vizuri. Tatizo ni kwamba watu wameibeba hiyo 5 na kuipeleka kila mahali kama amri. Seli za misuli ya moyo zimejaa mitokondria kwa sababu ya kazi yake, ukiweka 5 umeutupa moyo wenyewe umebaki na tishu za pembeni. Namba hizi zilichaguliwa kwa damu ya mtu mmoja kwa kiti cha zamani. Chora mgawanyo wa data yako kwanza, angalia mkia uko wapi, ndo ukate.

Na kuna kilichotokea hata kabla ya chipu. Damu iliyochukuliwa Kyela asubuhi ikapanda milima ya Rungwe barabarani hadi Mbeya mjini sio damu ileile iliyochukuliwa mlangoni mwa maabara, seli zinaendelea kuishi ndani ya kichupa, zinawasha jeni za msongo, na zile neutrofili, aina ya seli nyeupe, ambazo ni laini na zina RNA kidogo nyingine hazifiki kabisa. Ukiona data ya damu nzima haina neutrofili usiseme mgonjwa hana, uliza damu ilikaa masaa mangapi.

Kusawazisha ni rahisi kuelewa kwa namba. Seli ya kwanza imenaswa molekuli 5,000, jeni yako ina 10. Seli ya pili imenaswa 1,000, jeni ina 4. Kwa macho tu, seli ya kwanza inaongoza, ila ukizipeleka zote kwenye kipimo cha molekuli 10,000 ya kwanza inakuwa 20 na ya pili 40. Alafu unaongeza 1 na kuchukua logi ili jeni chache zenye namba kubwa zisizimeze nyingine, unapata kama 3.04 na 3.71. Baada ya hapo unachagua jeni zinazobadilikabadilika kweli kati ya seli, mara nyingi 2,000, unapunguza vipimo (kila jeni ni kipimo kimoja) kwa PCA, hesabu ya Karl Pearson ya 1901 inayokusanya jeni zinazoenda pamoja, kutoka 2,000 hadi 30 au 50. Hapo hakuna ugomvi mkubwa, twende.

Makundi sasa. Kila seli inatafutiwa majirani zake wa karibu, tuseme 15 au 20, ndani ya vipimo vile vya PCA, unapata mtandao, na programu inatafuta sehemu za mtandao ambazo watu wake wanajuana wao kwa wao kuliko wanavyojua wa nje. Njia ya Louvain ilitolewa 2008 na ile ya Leiden 2019 ikarekebisha kasoro yake moja mbaya, kwamba Louvain ilikuwa inaweza kukupa kundi ambalo wanachama wake hata hawajaunganika. Zote zina kitasa kimoja unachozungusha wewe, kinaitwa rezolusheni. Kwa zile seli za damu somo la Seurat linaweka 0.5 na kupata makundi 9, kuna seli T za aina mbalimbali, seli B, monosaiti za aina mbili, seli za NK, seli za dendriti, na kikundi kidogo kisichofika seli 20 cha chembe sahani, zile za kugandisha damu, ambazo hata kiini hazina ila zimebeba RNA za seli mama. Zungusha kitasa juu makundi yanagawanyika, zungusha chini yanaungana. Dada mmoja wa maabara aliniuliza, "Kaka, sasa idadi sahihi ni ipi?" Nikamwambia dada yangu, programu haijui, na haitakwambia hapana hata ukiipa seli zinazofanana zote, itazikata tu mahali. Anayejua ni wewe mwenye baiolojia. Kundi linastahili jina kama lina jeni zake zinazoeleweka, CD14 kwa monosaiti, MS4A1 kwa seli B, NKG7 na GNLY kwa NK, na kama linaonekana kwa watu tofauti, sio kwa mtu mmoja tu.

Na hapa kuna mtego wa takwimu. Umetumia jeni kuzigawa seli, alafu unatumia data hiyohiyo kupima kama jeni zinatofautiana kati ya makundi uliyoyagawa. Lazima zitofautiane, ndo kigezo ulichogawia. Zile thamani za p, namba za kupima kama tofauti inaweza kuwa ya bahati tu, zenye sifuri mia moja baada ya nukta kwenye orodha ya jeni za kundi hazithibitishi kwamba kundi lipo. Zitumie kupanga jeni kwa mpangilio, basi.

Sasa tunaweza kurudi kwenye madoa. Kila doa ni seli moja, na picha inatengenezwa na njia za kuchora zinazoitwa t-SNE, ya 2008, au UMAP, ya 2018, kwa kulazimisha vile vipimo 30 au 50 viingie kwenye viwili vya karatasi. Haiwezekani bila kuvunja kitu. Hizi njia zinajitahidi kutunza majirani wa karibu na zinaacha umbali mrefu ujiendee, kwa hiyo kundi la bluu kuwa mbali na la kijani kuliko la njano hakumaanishi tofauti kubwa zaidi, na kundi kuwa pana kwenye karatasi hakumaanishi seli zake zina tofauti nyingi ndani. Badilisha namba ya kuanzia ya bahati nasibu na visiwa vinahama. Tara Chari na Lior Pachter mwaka 2023 walitoa makala kali wakionyesha upotoshaji huo ni mkubwa kiasi gani, wapo wanaoona walizidisha, mimi naona wako sahihi kwenye la msingi: usichukue hitimisho kutoka kwenye picha. Itumie kuonyesha hitimisho ulilolipata kwenye jedwali. Na makundi hayatafutwi juu ya picha, yanatafutwa kwenye PCA, picha inakuja kupakwa rangi baadaye, wanafunzi wengi wanadhani ni kinyume.

Nitumie nafasi kubwa kwa jambo ambalo linaniuma kuliko yote, idadi ya watu. Tuchukulie unalinganisha wagonjwa 3 na wazima 3, kila mmoja amekupa seli T 5,000. Una mistari 30,000. Programu nyingi ukizipa mistari hiyo bila maelezo zitafanya hesabu kana kwamba una ushahidi huru 30,000, na zitakurudishia mamia ya jeni "muhimu". Lakini seli 5,000 za mtu mmoja zina jenetiki moja, zimekula chakula kimoja, zimepita kwenye sindano moja na chipu moja. Ushahidi wako ni watu 6. Jordan Squair na wenzake mwaka 2021 waliweka hili wazi: njia zinazosahau mtu zinaibua jeni mamia hata mahali ambapo hakuna tofauti yoyote, na zinapendelea jeni zenye RNA nyingi. Tiba yake wala sio ngumu. Unajumlisha hesabu za seli za aina moja kwa kila mtu, unapata namba moja kwa jeni kwa mtu, alafu unatumia edgeR au DESeq2, programu za zamani zilizotengenezwa kwa data ya mkupuo. Orodha ya jeni inapungua sana, wakati mwingine inabaki tupu, na hiyo tupu ndo majibu.

Ongeza suala la bechi, yaani sampuli zilizoandaliwa na kusomwa kwa mkupuo mmoja. Tuchukulie wagonjwa wote wanatoka Kyela na wameingia kwenye mashine Jumatatu, wazima wote wanatoka mjini Mbeya wameingia Ijumaa kwa kiti kingine. Utaona tofauti nzuri sana. Ni ugonjwa? Ni joto la Kyela na baridi ya Mbeya? Ni masaa ya barabarani? Ni kiti? Harmony, scVI na programu nyingine za kuoanisha bechi zinafanya kazi nzuri pale kila bechi inapokuwa na mchanganyiko wa wagonjwa na wazima, ila kama bechi na ugonjwa ni kitu kimoja zitafuta vyote au zitaacha vyote, hakuna hesabu ya kuvitenganisha. Hili linatatuliwa kwenye karatasi kabla sindano ya kwanza haijachomwa, ndo maana mtu wa data anatakiwa awepo kikao cha kwanza cha mradi, sio kuletewa faili mwishoni.

Faida zake lakini ni za kweli. Mwaka 2018 timu mbili zilizokuwa zinasoma seli za njia ya hewa zilikuta seli adimu ambazo hazikuwa zinajulikana pale, ionosaiti, na kwa panya seli hizo zisizofika hata asilimia 1 ndo zilibeba zaidi ya nusu ya RNA ya CFTR, jeni ya sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoziba mapafu kwa ute mzito, ambayo ilijulikana tangu 1989. Miaka yote hiyo jeni inajulikana, seli haijulikani. Alafu 2021 data za binadamu zikaja kusema kwa ujumla wake seli za kutoa ute ndo zinabeba CFTR nyingi kwa sababu ni nyingi, hata kama kila moja ina kidogo. Zote mbili ni kweli, swali ndo limebadilika, kwa seli moja au kwa jumla ya seli zote.

Ila uadimu una mpaka wake. VVU iliyolala kwa mtu anayetumia dawa, ile inayoweza kuamka, inakadiriwa kuwa kwenye seli kama moja katika milioni ya CD4 zilizopumzika. Ukisoma seli 10,000 unategemea kukuta 0.01. Yaani hukuti. Anayekwambia ameipata kwenye jaribio la kawaida muulize alizichujaje seli kabla, maana bila kuchuja hesabu inakataa.

Kwa anayetaka kuanza, habari njema ni kwamba sehemu ya kompyuta haihitaji pesa. Kupanga vipande ghafi kwenye jeni kunataka kompyuta yenye RAM kubwa, 64 GB hivi, hilo liache kwanza. Chukua jedwali lililo tayari, lile la seli 2,700 faili lake halifiki MB 10, bando la kawaida linatosha na laptopu ya GB 8 inalimudu. Kama umezoea R tumia Seurat, kama umezoea Python tumia Scanpy, zote bure, usipoteze wiki ukiuliza ipi bora.

Ukishaizoea damu, nenda kwenye data za malaria. Mradi wa ramani ya seli za vimelea vya malaria unaoongozwa na Sanger kule Uingereza ulitoka 2019 na data zake ziko wazi kwa yeyote. Plasmodium falciparum ina jeni zaidi ya 5,000, na ndani ya damu inazunguka kwa saa 48, kwa hiyo damu moja inaweza kuwa na vimelea vya umri tofauti, na wachache miongoni mwao wanawasha jeni ya AP2-G na kugeuka wa kiume na wa kike, hao ndo mbu anaondoka nao. Kwa mkupuo ukiona jeni zimebadilika baada ya dawa huwezi kujua kama dawa imezibadilisha au imeua tu vimelea wa umri fulani. Seli moja moja unaona. Lakini usiende na vigezo vya damu ya binadamu: mitokondria ya kimelea ina jeni 3 tu za protini, kile kichujio cha asilimia 5 hapo hakina maana yoyote, na kimelea mchanga wa umbo la pete ana RNA kidogo sana, ukiweka jeni 200 kama mpaka wa chini unaweza kuwafuta pete wengi alafu ukashangaa kwa nini mgonjwa wako ana vimelea wakubwa tupu.